Wilaya yetu ndogo ya sekondari inayumba. Niwahamishe watoto?

*Swali: Tunaishi mji mdogo wa mashambani hapa California. Tulitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na hatujamaliza mwaka. Kijana wangu mkubwa ameanzia darasa la 11 hapa, mdogo wake yuko la 9. Wilaya yao ya shule ni ya sekondari tu: shule moja kubwa, na nyingine ndogo ya waliochelewa masomo. Wanafunzi wote ni kama 400. Superintendenti, yaani mkuu wa wilaya ya shule, ameondoka, na huyo ni wa tatu ndani ya miaka mitano. Wajumbe wa bodi wanagombana mbele za watu. Kwenye tovuti ya jimbo, rangi ya wanaohitimu imeshuka kutoka kijani hadi chungwa, na tunasikia bajeti imepitishwa "kwa mashaka". Fizikia imefutwa. Majirani wanasema serikali itaichukua shule, na wengine wanahamisha watoto. Mimi si raia na Kiingereza changu ni kidogo. Nifanye nini?*

Dada, umeleta mambo manne kwa pamoja: rangi, bajeti, bodi na somo lililofutwa. Yakisikika yote kwa wakati mmoja yanatisha kuliko yalivyo. Ukinitaka niyapange kwa uzito, ninalolihofia zaidi kwa ajili ya wanao ni lile ulilolitaja kwa maneno mawili tu, fizikia imefutwa. Rangi ndiyo inayonisumbua kidogo kuliko yote. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tuelewane shule hiyo ni mali ya nani, kwa sababu hofu nyingi za majirani zinaanzia hapo.

Kule tulikotoka, sekondari ya serikali iko chini ya halmashauri na wizara. Mwalimu hupangiwa kituo, na mkuu wa shule hubadilishwa kwa barua kutoka juu. California haiko hivyo. Wilaya ya shule ni serikali ndogo inayojitegemea. Meya hana amri juu yake, na gavana hamteui superintendenti. Mwenye wilaya ni bodi, kwa kawaida ya watu watano, wanaochaguliwa na wapiga kura wa eneo hilo kwa miaka minne. Uchaguzi kwa kawaida huwa Novemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na viti havishindaniwi vyote mara moja. Bodi huajiri superintendenti, hupitisha bajeti, sera na mikataba ya wafanyakazi. Kazi za kila siku ni za superintendenti na walimu wakuu. Mjumbe mmoja akiwa peke yake hana mamlaka yoyote, bodi huamua kwa kura kikaoni. Kwa hiyo mjumbe akikuambia sokoni "nitamwagiza mwalimu mkuu," ujue anakuahidi asichoweza kukitoa kihalali.

Yako ni wilaya ya sekondari tu. California ina wilaya za namna hiyo zisizofika mia moja, na nyingi hupokea watoto kutoka wilaya mbili, tatu au zaidi za msingi, kila moja ikiwa na bodi yake na vitabu vyake. Mtoto anafika darasa la 9 akiwa ameshasoma miaka tisa mikononi mwa watu ambao bodi ya sekondari haiwezi kuwaajiri wala kuwaelekeza. Matokeo ya hesabu ya darasa la 11 yanabeba miaka hiyo yote. Hilo haliiondolei bodi lawama, ila linakupa swali zuri la kuiuliza: mnakutana mara ngapi na wilaya za msingi, na walimu wa hesabu wa darasa la 8 na la 9 wamekubaliana nini? Kwa mwanao mdogo kuna jambo la kufanya mapema. Sheria ya mwaka 2015 inaitaka kila wilaya yenye darasa la 9 iwe na sera iliyoandikwa ya kuwapanga watoto kwenye madarasa ya hesabu, pamoja na kuwapima upya ndani ya mwezi wa kwanza wa masomo, na njia ya mzazi kupinga uamuzi. Mtoto aliyejua aljebra kwa Kiswahili au Kifaransa akawekwa hesabu ya chini kwa sababu ya Kiingereza, hiyo ndiyo njia ya kumtoa huko.

Sasa rangi. Dashibodi ya shule ya California, tovuti hiyo ya jimbo uliyoiona, hutumia rangi tano, nyekundu ikiwa ya chini na bluu ya juu, na kila rangi hutokana na vitu viwili: kiwango cha mwaka huu na badiliko kutoka mwaka jana. Kwa wanaohitimu, kiwango cha "juu" huanzia asilimia 90.5, na "cha kati" huanzia 80. Chukua wilaya yenye wanafunzi 90 wanaotarajiwa kuhitimu. Wakihitimu 83, hiyo ni asilimia 92. Mwaka unaofuata wakihitimu 79 ni asilimia 88. Wanne tu wamepungua, lakini kiwango kimetoka juu kwenda cha kati, badiliko limekuwa hasi, na rangi imekuwa chungwa. Kwa kundi la ukubwa huo, matokeo huyumba pointi tatu hivi juu au chini hata kama walimu ni walewale na ufundishaji ni uleule. Ni kama chumvi kwenye chungu kidogo: punje zilezile ambazo sufuria la harusi lisingezihisi, hapa zinabadili ladha yote. Jimbo lenyewe linalijua hilo. Kundi lisilofika wanafunzi 30 halipewi rangi, lisilofika 11 namba zake hufichwa kulinda faragha, na kundi lisilofika 150 hutumia jedwali jingine la kuhitimu ili rangi isirukeruke. Hata hivyo inaruka.

Soma hivi: chukua miaka mitatu, jumlisha waliohitimu, gawanya kwa jumla ya waliotarajiwa. Kama wastani wa miaka mitatu unashuka mfululizo, kuna tatizo. Kama ni mwaka mmoja tu, uliza wale wanne walikwama wapi. Katika wilaya ya watoto 400, mwalimu mkuu anapaswa kuweza kueleza, bila kutaja majina, kwamba wawili walipungukiwa alama za kukamilisha masomo (credits), mmoja alihama na hati za uhamisho hazikupokelewa, mmoja bado anaendelea na mwaka wa tano. Hati za uhamisho zisipofuatiliwa, mtoto aliyehamia Texas anahesabiwa kuwa ameacha shule. Mwalimu mkuu asipoweza kujibu swali hilo, wasiwasi wangu unaanza hapo.

Na usishangae kijana wako mkubwa akiambiwa hatafanya mtihani wa jimbo wa Kiingereza. Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza ambaye hajatimiza miezi 12 Marekani husamehewa mtihani huo mara moja. Wa hesabu na wa sayansi hasamehewi, na alama zake humo zitapima pia uwezo wake wa kusoma maswali.

Nije kwenye bajeti. Mwaka 1991, wilaya ya Richmond, California, ilifilisika mwaka wa masomo haujaisha, na bunge la jimbo likatunga sheria ambayo hadi leo watu huiita kwa namba yake, AB 1200. Tangu hapo kila wilaya hutoa ripoti mbili za muda kila mwaka, moja katikati ya Desemba na nyingine katikati ya Machi, na bodi hutamka mojawapo ya maneno matatu. La kwanza ni kwamba wilaya itamudu kulipa kila inachodaiwa mwaka huu na miwili inayofuata. La pili ni kwamba huenda isimudu. La tatu ni kwamba haitamudu. Hilo ulilosikia, "kwa mashaka", ni la pili. Maana yake ofisi ya elimu ya kaunti sasa inaikagua wilaya kwa karibu zaidi na inaweza kudai mpango wa kubana matumizi. Shule haijachukuliwa na mtu.

Kuchukuliwa hutokea pale wilaya inapoishiwa fedha taslimu na kuomba mkopo wa dharura wa jimbo. Mkopo ukizidi mara mbili ya akiba ambayo wilaya ilipaswa kuwa nayo, bodi hupoteza mamlaka na msimamizi huteuliwa, na tangu mwaka 2018 kaunti ina nafasi kubwa katika uteuzi huo. Imewahi kuipata wilaya ya sekondari tu kama yenu, ingawa kubwa zaidi: mwaka 2009 wilaya ya sekondari ya King City, katika kaunti ya Monterey, iliidhinishiwa mkopo wa dola milioni 13, bodi yake ikabaki ya ushauri tu, na baadaye wilaya ikabadilishwa jina. Shule hazikufungwa. Watoto waliendelea kusoma na kuhitimu. Kilichouma ni deni, kwa sababu hulipwa kwa miaka mingi kutoka bajeti ileile ya kulipia walimu.

Ukitaka kujua kama mko karibu na huko, tafuta vitu vitatu kwenye ripoti ya muda. Cha kwanza ni akiba. Wilaya yenye wastani wa mahudhurio kati ya 301 na 1,000 inatakiwa kubaki na angalau asilimia 4 ya matumizi, na yenye 300 au pungufu asilimia 5. Bajeti ikiwa dola milioni 9, asilimia 4 ni dola 360,000, yaani kiasi kidogo sana. Cha pili ni ukurasa wa fedha taslimu, mwezi kwa mwezi. Wilaya hufa kwa kukosa fedha taslimu kabla haijafa kwenye vitabu, na ukiona safu ya mwezi fulani imeandikwa hasi, uliza watakopa wapi kuziba. Cha tatu, tazama kama fedha za mara moja zinalipa mishahara ya kudumu. Wilaya nyingi ziliajiri kwa fedha za shirikisho za wakati wa korona, na dirisha la kuzitumia lilifungwa Septemba 2024. Ajira zilibaki, fedha zikaisha.

Kiini cha yote ni idadi ya watoto. Fedha hufuata wastani wa mahudhurio, siyo majina kwenye rejista. Fungu la msingi kwa mwanafunzi wa darasa la 9 hadi 12 ni takriban dola 12,000 kwa mwaka. Wakihama 20, ni dola 240,000, na hiyo ni theluthi mbili za akiba niliyoitaja hapo juu. Pigo halionekani mara moja, maana jimbo huruhusu wilaya itumie mahudhurio ya mwaka huu, ya mwaka jana, au wastani wa miaka mitatu iliyopita, kubwa kuliko yote. Ndiyo maana bodi dhaifu hujiona salama leo. Bodi makini huanza kupunguza siku inapoona madawati matupu.

Hapa pana jambo ambalo wewe mwenyewe unaweza kulifanya wiki hii. Kwa kila mtoto anayejifunza Kiingereza, mwenye kipato kidogo nyumbani au aliye katika malezi ya kambo, wilaya huongezewa asilimia 20 ya fungu la msingi, na zaidi kama watoto hao wanavuka asilimia 55 ya wanafunzi wote. Mtoto mwenye sifa mbili huhesabiwa mara moja. Tangu mwaka wa masomo 2022–23 chakula ni bure kwa kila mtoto wa shule ya umma California, na familia nyingi zimeacha kujaza fomu ya kipato kwa kuwa hawaoni faida yake. Faida ipo. Kila familia yenye kipato kidogo isiyojaza fomu inaweza kuinyima shule zaidi ya dola 2,000 kwa mtoto mmoja. Jaza, na waambie wenzako kanisani au msikitini wajaze.

Kuhusu bodi, ugomvi wa hadharani peke yake si ugonjwa. Nachelea zaidi bodi inayopiga kura tano kwa sifuri kila mwezi bila swali hata moja. Sheria ya mikutano ya wazi, iitwayo Brown Act, ya mwaka 1953, inawalazimisha wabishane mbele yenu. Katika bodi ya watano, watatu hawaruhusiwi kujadili mambo ya wilaya nje ya kikao, iwe kwa simu, kwa WhatsApp au kwa kupitishiana ujumbe mmoja mmoja hadi wafike watatu. Ajenda ya kikao cha kawaida hubandikwa saa 72 kabla, ya kikao maalumu saa 24. Faraghani huzungumzwa mambo machache tu, kama kesi, nidhamu ya mwanafunzi, majadiliano na vyama vya wafanyakazi, na mwenendo wa mfanyakazi. Mshahara wa superintendenti hauamuliwi huko. Hupigiwa kura katika kikao cha kawaida, na kabla ya kura muhtasari wake husomwa kwa sauti.

Kinachonishtua kwenye barua yako ni superintendenti watatu ndani ya miaka mitano. Mkataba wake unaruhusiwa kufika miaka minne, na akivunjiwa katikati, malipo ya kumwondoa yana kikomo cha mishahara ya miezi 12. Kwenu hiyo ni fedha ya walimu. Lakini gharama kubwa haiandikwi kwenye mkataba. Kila anayeingia huleta mpango mpya, walimu hujifunza kusubiri apite, na maamuzi ya ajira huchelewa. Wilaya zilizojipanga hutangaza nafasi kuanzia Februari. Yenye superintendenti wa muda hungoja, inatoa barua za awali za kupunguza watu ifikapo 15 Machi kwa tahadhari, walimu wenye soko wanaondoka, na Juni inaanza kutafuta mwalimu wa sayansi wakati wote wazuri wameshachukuliwa. Sishangai fizikia kufutwa mwaka uleule superintendenti alipoondoka. Pata kumbukumbu za vikao vya miezi 12 na usome wanagombania nini. Wakibishana kuhusu fedha na walimu, wanafanya kazi yao. Wakibishana nani alimsema nani, au vikao maalumu vikiwa vingi kuliko vya kawaida, uongozi umekwama, na hapo uchaguzi wa Novemba ndio dawa.

Uchaguzi huo si wako bado, na hapa nakusihi usijaribiwe. Nje ya miji michache iliyojiwekea utaratibu wake, kama San Francisco, asiye raia hapigi kura ya bodi ya shule California. Mtu akikuletea fomu ya kujiandikisha kupiga kura mlangoni au kwenye foleni ya leseni, usiisaini. Kosa hilo linaweza kuharibu maombi yako ya uraia hata kama ulikosea kwa nia njema.

Kusema kikaoni ni haki ya kila mtu. Huulizwi uraia, na hawawezi kukulazimisha kutaja jina. Wengi hupewa dakika tatu, na sheria inataka anayetumia mkalimani apewe angalau mara mbili, kwa hiyo una sita. Bodi haiwezi kukukataza kuikosoa. Ukizungumzia jambo lisilo kwenye ajenda hawaruhusiwi kulijadili papo hapo, basi wakikaa kimya usidhani wamekudharau. Waombe waliweke kwenye ajenda ya kikao kijacho. Omba mkalimani kwa maandishi siku kadhaa kabla, na usikubali mwanao akalimani. Kiswahili hakiwezi kufikia ile asilimia 15 ya wanafunzi inayoifanya shule itafsiri kila waraka, lakini sheria ya shirikisho inaitaka shule iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa katika mambo ya muhimu, na mkalimani kwa simu anatosha.

Kuna mlango mwingine wenye nguvu zaidi ya dakika sita. Shule yenye wanafunzi 21 au zaidi wanaojifunza Kiingereza lazima iwe na kamati ya wazazi iitwayo ELAC, na wilaya yenye 51 iwe na DELAC. Uraia hauhitajiki. Kila mwaka wilaya huandika mpango wa matumizi na malengo, LCAP, na superintendenti analazimika kujibu kwa maandishi maoni ya kamati za wazazi za ngazi ya wilaya. Mpango hupitishwa pamoja na bajeti ifikapo 1 Julai, baada ya kikao cha kusikiliza wananchi kinachofanyika siku tofauti na siku ya kura. Watu wengi hujitokeza Juni wakati maneno yameshakauka. Nenda Februari na Machi, wakati safu za fedha bado ziko wazi, ukiwa na ombi moja lenye jina, kwa mfano "mwalimu wa fizikia, vipindi viwili".

Sasa fizikia yenyewe. Shule ya watoto 400 inaweza kuwa na walimu 20 hivi, kila mmoja akifundisha vipindi vitano, jumla vipindi 100. Kiingereza, hesabu, historia na michezo ya lazima huchukua sehemu kubwa. Kinachobaki hugombaniwa na muziki, lugha, ufundi na sayansi za juu. Darasa la fizikia la watoto 9 hugharimu sawa na darasa la watoto 30. Pia linahitaji mwalimu mwenye leseni ya somo hilo, na wilaya ndogo huwa na mmoja tu. Akiondoka, somo linaondoka naye. Hata akiwepo, somo lenye kipindi kimoja kwa siku hugongana na jingine la aina hiyo: fizikia saa tatu, na saa hiyohiyo ndipo kuna darasa la kuendeleza Kiingereza. Watoto kama wako ndio huumia zaidi na mgongano huu, na mara nyingi hakuna aliyekusudia. Mpanga ratiba alitazama walio wengi. Ila sheria ya California inakataza kumnyima anayejifunza Kiingereza masomo ya msingi au mzigo kamili wa masomo. Kwa hiyo agiza ratiba zao zichapishwe, uzipitie kipindi kwa kipindi. Ukiona mtoto amepangiwa kuwa msaidizi wa ofisi, au kipindi kisicho na somo, au kurudia somo alilofaulu, uliza. Vipindi vya namna hiyo vimewekewa masharti makali kisheria, ikiwemo ridhaa ya mzazi kwa maandishi.

Je, bila fizikia mtoto anakosa chuo kikuu? Hapana. Vyuo vya umma vya jimbo, UC na CSU, vinadai kozi 15 za mwaka mzima ziitwazo A-G, zenye alama ya C au zaidi. D inatosha kuhitimu sekondari katika wilaya nyingi, lakini kwa A-G haihesabiki, na hapo ndipo watoto wengi hupotea bila wazazi kujua. Sayansi inayodaiwa ni miaka miwili, mitatu ikipendekezwa, kwa hiyo biolojia na kemia zinatosha kuingia. Anayetaka uhandisi ndiye anayeihitaji fizikia kwelikweli. Wilaya ndogo zinazojua kazi yao hufundisha kemia na fizikia mwaka kwa mwaka kwa zamu, au hushirikiana na koleji ya jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) ili wanafunzi wasome somo la chuo wakiwa sekondari. Uliza kwa nini kwenu hakuna hata moja kati ya hayo mawili. Angalia pia orodha ya kozi za shule yenu iliyoidhinishwa na UC, ambayo iko wazi kwenye intaneti. Kozi isiyokuwemo haihesabiki hata kama mtoto alipata A, na viongozi wakibadilika ovyo, kuipeleka kozi mpya iidhinishwe husahaulika.

Darasa lisilo na mwalimu wa kudumu tangu mwanzo wa mwaka lina fomu yake ya malalamiko, na tangazo lake lazima libandikwe katika kila darasa. Huitwa malalamiko ya Williams. Inaweza kujazwa bila jina, na wilaya ina siku 30 za kazi kurekebisha.

Kwa kijana wako mkubwa, kuna sheria inayowahusu wanafunzi wageni walio mwaka wa tatu au wa nne wa sekondari (darasa la 11 au 12) na wako katika programu ya wageni. Wanaweza kusamehewa masharti ya ziada ya wilaya na kuhitimu kwa yale ya jimbo tu, ambayo ni kozi 13 za mwaka mzima, au kubaki mwaka wa tano. Msamaha humpatia cheti mapema, lakini unaweza kumwacha nje ya A-G. Kama lengo ni chuo kikuu moja kwa moja, mwaka wa tano huwa bora. Kama ni koleji ya jamii kisha kuhamia chuo kikuu, msamaha hauna ubaya. Muulize kaunsela, mshauri wa masomo wa shule, pia kuhusu kuthibitisha sharti la lugha kwa Kiswahili, na muhuri wa jimbo wa umahiri wa lugha mbili, ambao Kiswahili kinaruhusiwa. Alichokuja nacho kina thamani kwenye cheti, ila mtu lazima akidai.

Basi, kuhama. Kuhamia wilaya nyingine bila kuhama nyumba kwa kawaida kunahitaji kibali cha wilaya zote mbili. Ukikataliwa unakata rufaa bodi ya elimu ya kaunti ndani ya siku 30. Usafiri kwa kawaida ni juu yako. Mtoto anayecheza mpira anaweza kuzuiwa mechi kwa muda, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini. Masharti ya kuhitimu hutofautiana, na alama za kukamilisha masomo (credits) zinaweza kupotea njiani. Mkubwa nisingemhamisha hata kidogo, kwani amebakiza muda mfupi na anachohitaji ni kaunsela anayemfahamu. Mdogo ningemwacha amalize mwaka, kisha nitazame ratiba yake ya darasa la 10. Akiwa na hesabu ya ngazi yake, sayansi ya maabara, Kiingereza na walimu wenye leseni, abaki. Akipangiwa walimu wa kushikilia katika masomo mawili ya msingi au zaidi, na ripoti ya Machi ikasema wilaya haitamudu, omba kibali mara moja. Ni kweli kila anayeondoka huipunguzia shule fedha, lakini hukuwaleta watoto huku kuja kuokoa bajeti ya wilaya, na asikulaumu mtu ukiamua kuhama.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Mtoto akitishiwa kufukuzwa shule, kikao chake huitishwa ndani ya siku 30 za shule, na hapo tafuta wakili wa msaada wa kisheria kabla hujasaini chochote. Ukihisi mtoto ana ugumu wa kujifunza usiotokana na lugha, andika ombi la kupimwa, lisaini na uliwekee tarehe, na ubaki na nakala. Lolote linalogusa hati zako za uhamiaji lipeleke kwa wakili wa uhamiaji, siyo kwa kaunsela. Kwa bajeti na malalamiko yasiyojibiwa, ofisi ya elimu ya kaunti ina watu wa kukusikiliza ana kwa ana: piga simu, omba mkalimani wa Kiswahili, uende na ratiba za watoto na ripoti ya muda ya karibuni mkononi.